Salamu za Saa Kumi na Moja

Daudi alifika siku moja baada ya sisi kumzika kaka yake, Simoni. Alivuka mpaka kwa miguu, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye begi dogo begani, akawa anauliza njia katika mji aliozaliwa, kwa sababu Tunduma aliyoiacha ilikuwa na barabara moja na sasa maghorofa yamesimama pale alipochungia mbuzi. Sikuwahi kumwona maisha yangu yote, lakini alipoingia uani nilimjua kwa jinsi alivyotega sikio la kushoto kumsikiliza mtu, sawasawa na mama yake. Wanawake waliangua kilio upya kama desturi inavyotaka, nami nikalia pamoja nao, ingawa nikiri kwamba nusu ya machozi yangu yalikuwa ya furaha. Siku ya tatu, waombolezaji walipopungua, alikuja kukaa karibu yangu jikoni, akaniambia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba kwamba amesikia mimi ndiye niliyekaa na mama yake mwaka ule wa redio, na kwamba anataka kuujua wote, asifichwe kitu. Nilimwomba anipe hadi jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu, na sijazoea kuingia darasani bila andalio la somo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kwetu Mbebe, Ileje, kuja kukaa kwa mama mdogo Tabitha, aliyeolewa na Simoni, Mnamwanga wa hapo hapo Tunduma. Sitaeleza kilichonitoa nyumbani; kila nyumba ina sababu zake na za kwetu hazina utamu. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia mama yake Simoni, ambaye sote tulimwita Bibi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na mikono yake ilitetemeka, lakini masikio yake yalikuwa ya mtu mwingine kabisa. Alikuwa akisikia unga ukimiminwa kwenye sufuria anakuambia umepunja. Chumba chake kilifunguka sebuleni, na pale sebuleni palikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na saa ya ukutani ambayo mama mdogo aliifuta kila asubuhi kabla hajaenda sokoni kuuza mchele. Tulikula ugali kwa majani ya maboga, na siku za neema dagaa wa ng'ambo, wale wanaoitwa kapenta. Bibi aliniita Mndali, kwa kabila langu, si kwa kunidharau, bali kwa utani wake wa kuwaambia wageni kwamba amepewa Mndali amlinde asiibiwe, na sasa hajui nani atamlinda na Mndali.

Jina la Daudi halikutajwa mezani. Nililisikia kupitia ukutani, jioni moja nikiwa nachambua maharage, baba mdogo na mama mdogo wakiongea chumbani mwao. Daudi ndiye kitinda mimba, alikwenda Kitwe huko Zambia kutafuta kazi ya mgodini, na ilikuwa inatimia miaka tisa bila barua. "Mtu akinyamaza miaka tisa, Tabitha, ni moja kati ya mawili," baba mdogo alisema. "Basi usiyataje yote mawili," mama mdogo akamjibu, "mama yako yupo hapo na anasikia hata chungu wakitembea." Nilitazama mlango wa Bibi. Ulikuwa wazi kidogo.

Aliyeleta habari ni Mama Chanda, mchuuzi wa kapenta kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama mnene mwenye moyo mwepesi ambaye hakuweza kukaa na neno tumboni. Alitua beseni lake uani akasema, "Bibi, Daudi wako mzima. Anatuma salamu kwenye redio ya kwetu, kipindi cha salamu cha Kibemba, kila Jumamosi saa kumi. Nimesikia mwenyewe, Daudi wa Kitwe anamsalimu mama yake." Bibi hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliomba maji, akanawa mikono kana kwamba anaitwa kula, kisha ugali ulipokuja akausukuma. Alisema hatakula mpaka aambiwe redio inayoshika stesheni hiyo inakuja lini. Tulikuwa na kiredio kidogo kilichojua stesheni moja tu ya nyumbani, na baba mdogo, mzee wa kanisa na mpima mahindi ghalani, hakuwa mtu wa kukurupuka. Lakini mama yake alilala njaa usiku ule, na kesho yake asubuhi akakataa uji. Wiki haikuisha, redio ikaingia ndani ikiwa ndani ya boksi, kichwani kwa baba mdogo mwenyewe.

Ilikuwa redio ya bendi tisa, ina mkoba wake wa ngozi na mkanda wa kubebea begani, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza na Kichina. Baba mdogo aliiombea kwanza. Kisha akanikabidhi ile karatasi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha shule, na hivyo, kwa ajali tu ya kujua kusoma, nikawa fundi. Iliingia betri kubwa sita. Tulizipanga, tukawasha, kimya. Baba mdogo alitazama dari kama mtu anayehesabu hasara yake. Nilizitoa nikakuta moja imelala kichwa chini, nikaigeuza, na redio ikapiga ukelele wa mkwaruzo uliomfanya mama mdogo aruke na mwiko mkononi. Tulizungusha kitufe cha kutafutia stesheni, mshale mwekundu ukawa unatembea, na dunia ikapita sebuleni mwetu: Kireno, Kiarabu, mtu anaimba kama anaumwa jino, kisha Kiswahili safi kinachotangaza bei ya kahawa. Bibi alikaa na mikono mapajani. "Hiyo siyo," alisema kila mara. "Hiyo siyo. Endelea, Mndali."

Ilinichukua siku kuielewa ile mashine. Bendi ya masafa ya kati haijali eria, yaani antena, hata uivute hadi darini. Inataka redio yenyewe uizungushe polepole mezani, ukipata upande wake inaacha kukwaruza na inasema. Masafa mafupi ndiyo yanayotaka eria, na zaidi ya eria yanataka waya. Nilifunga waya wa shaba kwenye ncha ya eria, nikautoa dirishani hadi kwenye mkaratusi wa nyuma ya nyumba, na ndipo stesheni ya Zambia ikaja, kwenye bendi ya nne, ikiwa imebanwa kati ya mahubiri na mluzi. Ukipita unywele mmoja unaipoteza. Jumatatu moja ikapotea kabisa. Nikakagua betri, nikazianika juani, nikasoma karatasi upya, hadi nilipotoka nje nikakuta mama mdogo ameanika vitenge vyake vibichi kwenye waya wangu kuanzia dirishani hadi mtini. "Mmeweka kamba nzuri," aliniambia, "nikajua mmenionea huruma."

Lakini kosa letu kubwa lilikuwa la saa, na sidhani kama kuna watu wengine wangeweza kulifanya isipokuwa sisi wa mpakani. Kila mtu Tunduma anajua kwamba Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtoto anazaliwa anajua. Mama Chanda alisema saa kumi, maana yake saa kumi ya kwao, na baba mdogo akapiga hesabu mbele yetu kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. "Wao wako nyuma. Kwa hiyo sisi tunarudi nyuma. Kumi toa moja, tisa." Basi kila Jumamosi saa tisa tulikaa, yeye akiwa na saa yake ya mkono, Bibi akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisa kichwani, tukasikiliza kwa saa nzima kipindi cha Kibemba cha kilimo cha karanga. Ikikaribia saa kumi baba mdogo alizima ili betri zisiishe, akachukua Biblia yake akajiandaa kwa kikao cha wazee wa kanisa. Bibi aliinuka akavua kitambaa. Wiki saba tulisikiliza karanga. Nilianza kuona anapungua mwili, na moyoni nilimlaani Mama Chanda na mdomo wake.

Jumamosi ya nane baba mdogo aliitwa nje na mgeni, redio ikabaki inaongea. Zikalia zile pipi pipi za saa, na mtangazaji akasema kwa Kiingereza kwamba sasa ni saa kumi na tano. Nilitazama ukutani: saa yetu inasema kumi kamili. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Kumi na tano ya Kiingereza ni saa tisa ya mchana. Kwao ni tisa, kwetu ni kumi. Basi kumi yao ni kumi na moja yetu. Kumbe kujumlisha, sisi tunatoa! Damu ilinienda usoni kwa furaha, kisha kwa woga, maana msichana wa kuja hamwambii mwenye nyumba, tena mzee wa kanisa, kwamba amemnyima mama yake salamu za mwanawe kwa wiki saba kwa hesabu ya darasa la pili. Nilimnong'oneza Bibi. Alifikiri kidogo, na mwanawe aliporudi akamwambia kwa upole, "Simoni baba, redio yenyewe imesema tunawahi." Baba mdogo alisimama akikokotoa, midomo ikicheza. Kisha akacheka hadi akakaa. Nilimpenda sana siku ile. "Mndali," alisema, naye akilitumia lile jina kwa mara ya kwanza, "hizo saa zako sikilizeni ninyi, mimi nina kikao." Na kweli, saa kumi na moja Jumamosi ilikuwa saa yake ya kanisani, kwa hiyo kuanzia hapo tulibaki wanawake watatu: Bibi anayejua Kibemba, na mimi na mama mdogo, Wandali wawili tusiojua.

Siku ile ile tulikishika kipindi. Majina yalipita kama mvua, kisha nikasikia "David" na nikasikia "Kitwe", nikamshika Bibi goti. Mtangazaji aliendelea na wengine, na Bibi bado ametega sikio lake la kushoto, uso umetulia, kimya kirefu kuliko nilivyoweza kukivumilia. Mama mdogo ndiye aliyeuliza, "Mama, amesema nini?" Bibi akashusha pumzi. "Amenisalimu," alisema. "Anasema yeye hajambo." Usiku ule alikula ugali akaongeza, na mama mdogo akalia machozi ndani ya mboga.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, nasema hivyo bila aibu, sijawahi kuishi katika nyumba yenye raha namna ile. Kila Jumamosi Daudi alisema jambo. Mwanzoni alisalimu tu. Baadaye akawa na mashauri. Daudi anasema kaka yake asibebe magunia tena, umri umekwenda. Daudi anasema mboga za shemeji yake ni nzuri ila apunguze chumvi. "Chumvi ya huku amejuaje yuko Kitwe?" mama mdogo aliuliza, na Bibi akamjibu kwamba mtoto mwenye akili hahitaji kuonja ili ajue. Na mara moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Daudi alisema kwamba yule Mndali anayeshika redio asiharakishwe kuolewa, ana kichwa, apelekwe chuo. Wakati huo kulikuwa na kijana wa kule Hasamba aliyekuwa ametuma mshenga. Mama mdogo alimpelekea mumewe ujumbe ule kama ulivyo, kwa heshima zote anazopewa shemeji aliye mbali, na mshenga akapewa soda na maneno mazuri akarudi kwao.

Lakini mimi nilikuwa nakwenda Nakonde kila wiki kumchukulia mama mdogo mzigo, na sikio la miaka kumi na minane halizibiki. Nilianza kwa mwapoleni na natotela, salamu na asante, nikafika kwenye namba, nikafika kwenye matusi, na kufikia Krismasi nilikuwa nabishana na Mama Chanda nusu kwa Kibemba. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, nikiwa na vidole kwenye kitufe, nikasikia ile salamu ya David wa Kitwe na kwa mara ya kwanza nikaielewa. Alimsalimu bamayo, mama yake, aliyeko Kasama. Kasama, safari ya siku nzima ndani ya Zambia. Alitaja na jina la mama huyo, na halikuwa la Bibi. Nilimgeukia. "Daudi anasema," Bibi alianza, akitazama ukuta asiouona, "mvua za huko ni nyingi, tujifunike vizuri." Wiki iliyofuata yule David wa Kitwe hakutuma salamu kabisa, na Bibi akatupa salamu ndefu kuliko zote. Nilikasirika. Nilijiona nimedanganywa, nikakaa siku mbili nikimjibu kwa mkato, naye akaniacha hivyo hivyo, hakuuliza. Siku ya tatu nilikuwa namwogesha, nikaona mbavu zake zimefunikwa nyama, mabega yamejaa. Nilipitisha dodoki mgongoni nikajiuliza ni ukweli gani hasa ninaotaka kumpa mwanamke huyu, na atakula nini akiupata.

Mwezi wa tatu baba mdogo alivimba mguu, akashindwa kwenda kwenye kikao. Saa kumi na moja kasoro tano akajikongoja hadi sebuleni, akanyoosha mguu juu ya stuli, akasema kwa furaha ya kweli, "Leo na mimi nitamsikia mdogo wangu." Yeye alikuwa amekulia mpakani, Kibemba alikijua kama Kinamwanga chake. Bibi alikuwa amekaa mahali pake. Niliona mikono yake, ile inayotetemeka siku zote, imetulia kabisa mapajani. Niliwasha redio. Muziki wa kufungulia kipindi ukaanza, safi kuliko wiki yoyote, stesheni ya baraka haiji siku unayoitaka. Jina la kwanza likasomwa. Nikazungusha kitufe unywele mmoja, na mkwaruzo ukajaa chumba kizima.

"Irudishe," alisema baba mdogo. Nilizungusha huku na huku, nikihakikisha napita pale kwa kasi. Aliniambia nivute eria, nikavuta. Aliniambia niigeuze redio, nikaigeuza, ingawa mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kwenye masafa mafupi kugeuza hakusaidii kitu. "Ni mawingu, baba," nilisema. Nje jua lilikuwa kali. Alinitazama muda, akamtazama mama yake, kisha akautazama mguu wake. "Ndiyo," akasema polepole. "Yapo mawingu." Nusu saa nzima tulisikiliza mkwaruzo ule, watu wanne na akili zao, na ulipokaribia mwisho nikahisi mkono wa Bibi umekuja juu ya wangu pale kwenye kitufe na kukaa. Mguu ulipopona, baba mdogo hakusikiliza tena Jumamosi. Hata siku ambazo kikao kiliahirishwa alitafuta kuni za kupasua nyuma ya nyumba. Mimi niliondoka mwezi wa saba kwenda chuo cha ualimu, nikamfundisha mama mdogo bendi ya nne na mahali mshale unapokaa. Bibi alifariki miaka minne baadaye, na mama mdogo aliniandikia kwamba hadi Jumamosi yake ya mwisho hakukosa salamu.

Haya yote nilimwambia Daudi jioni ile, kama nilivyoyaandika hapa, nikisita tu kwenye chumvi na kwenye mshenga, ambapo alicheka. Nilipomaliza alikaa akitazama mikono yake. "Mimi sikutuma salamu hata siku moja," alisema. "Mgodi ulinikataa wiki ya kwanza. Nilikuwa nauza maji stendi. Nilijiambia nitaandika nikipata cha kuandika, na mwaka ukazaa mwaka, hadi aibu ikawa kubwa kuliko njia ya kurudi." Nilimwambia kwamba najua. Katika chumba cha pili mabinti wa msiba walikuwa wanaosha vyombo na kubishana kuhusu sabuni.

"Niliyosema nimeyasikia," alisema mwishowe. "Nilisema maneno mazuri. Na yeye, alikuwa ananijibu?"

Hilo sikuwa nimelipanga katika andalio langu, kwa sababu haikuwahi kunijia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akijibiwa. Nilimweleza. Kila baada ya salamu, mama mdogo akishainuka kwenda kuwasha moto, Bibi aliinama hadi pua ikakaribia kugusa spika, akasema maneno mawili ya Kinamwanga, kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayengoja, ndipo akaniruhusu kuzima. Nilimtamkia Daudi yale maneno kama nilivyoyabeba miaka yote hii, bila kujua maana yake, nikiogopa kwamba Kindali changu kimeyaharibu. Alinirudishia polepole kwa Kiswahili.

"Anauliza kama nimekula."

Alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akamwita binti mmoja kwa jina, na yule mzee ambaye kwa siku tatu za msiba alikuwa akirudisha sahani kama ilivyokuja, akaomba aletewe maji ya kunawa.